Kutoka Salem Hadi Kismayu: Marekani Ilivyoifikia Pwani ya Wabajuni

Mtoto wa Kimarekani hufundishwa nchi yake kwa herufi. A ni Alabama, B ni Boston, C ni Chicago, na mwalimu huendelea hivyo mpaka afike Z kwa taabu. Mtoto wa Chula au Koyama hakupangiwa somo hilo. Kwake Marekani ilikuja vipandevipande bila mfuatano: kwanza jora la kitambaa, kisha kanali aliyevaa sare ya Misri, kisha gati la bandari, kisha askari wenye miwani ya jua, kisha ndege ya kivita, na mwisho fomu ya ukimbizi. Katika muda wa karibu karne mbili, Marekani ilifika katika pwani hii mara kadhaa, na karibu kila mara ilikuja kwa shauri la mtu mwingine: Sultani wa Unguja, Khedivi wa Misri, Warusi, wababe wa vita wa Mogadishu. Wabajuni walikuwa wenyeji wa mahali, lakini hawakuwa sehemu ya mazungumzo. Historia hii inafaa kusimuliwa kutoka upande wao, upande wa watu walioiona meli ikipita kabla hawajajua inakwenda wapi.

Visiwa vyenyewe vimejipanga sambamba na bara, kuanzia Kismayu kushuka kusini hadi karibu na Ras Kiamboni: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula, na vingine vidogo visivyokaliwa na watu. Ni visiwa vya mawe ya matumbawe, maji matamu ni ya shida, na kilimo hakiendi mbali. Baharini ndiko kuliko na riziki: samaki, kamba, papa, na kasa waliokuwa wakivuliwa kwa ustadi wa kumfunga samaki aitwaye chazo kamba mkiani na kumwachilia akamng'ang'anie kasa mgongoni. Mtaliano Vinigi Grottanelli, aliyeandika kitabu kizima juu ya wavuvi hawa mwaka 1955, alivutiwa sana na maisha haya. Zaidi ya uvuvi kulikuwa na boriti za mikoko, magamba ya ng'amba, na mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za kumbi bila msumari hata mmoja. Watu wa visiwa hivi ni wamoja na wa Kiunga, Faza na Ndau upande wa Kenya. Mpaka uliowagawa ni wa juzi tu, na tutaufikia.

Kitambaa ndicho kilichotangulia. Tarehe 21 Septemba 1833, Edmund Roberts, mjumbe wa Rais Andrew Jackson aliyekuja kwa manowari Peacock, alitia saini mkataba wa biashara na Sultani Sayyid Said. Wamarekani waliruhusiwa kufanya biashara katika milki yake yote kwa ushuru wa asilimia 5. Uingereza ilipata mkataba wa namna hiyo miaka sita baadaye, jambo ambalo huwashangaza wasomaji waliozoea kuamini kwamba Mwingereza ndiye aliyefungua kila mlango wa pwani hii. Machi 1837 akafika Unguja balozi wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mfanyabiashara kutoka mji wa Salem, Massachusetts. Kwao Marekani, Salem hukumbukwa kwa kesi za uchawi za mwaka 1692. Huku kwetu mji huo ulijulikana kwa mzigo. Waters alikuwa mcha Mungu aliyechukizwa na biashara ya watumwa, na shajara yake inaishutumu vikali biashara hiyo. Hata hivyo alielewana vizuri na Jairam Shivji, msimamizi wa forodha ya Sultani, na wawili hao walifanya biashara iliyowaudhi Waingereza kwa miaka mingi.

Mzigo mkubwa wa Salem ulikuwa kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kizito na kigumu, ambacho pwani nzima mpaka Ziwa Tanganyika ilikiita merikani. Kiliuzwa kwa jora, kikakatwa doti na shuka, na barani kilitumika kama fedha. Mwanamke alijifunga, maiti alikafiniwa, na nahodha alishona tanga. Kwa mabaharia waliozoea tanga la ukili, ambalo likilowa huwa zito na likikauka hupasuka, kitambaa kile kilikuwa neema. Kwa wafumaji wa Mogadishu na Barawa kilikuwa balaa. Miji ile ilikuwa ikifuma futa za Benadiri tangu karne nyingi, na sasa ikashindana na viwanda vya maji na mvuke vya Massachusetts. Cha ajabu, hawakufa. Waliendelea kufuma kwa ajili ya wateja waliopenda nguo yenye nakshi na heshima kuliko nguo ya bei rahisi, na vitanda vyao vya mfumi vilikuwa bado vinafanya kazi karne ya ishirini ilipoingia.

Meli za Salem zilirudi na nini? Pembe za ndovu, sandarusi, karafuu, na ngozi nyingi za ng'ombe na mbuzi kutoka pwani ya Benadiri. Pembe ziliishia katika jimbo la Connecticut, katika vijiji vya Deep River na Ivoryton, ambavyo viliishi kwa kukata vipande vyeupe vya kubandika kwenye vidole vya piano. Ngozi ziliingia viwanda vya viatu vya Massachusetts. Kwa hiyo ng'ombe aliyechungwa kando ya mto Juba angeweza kumaliza safari yake katika mguu wa karani wa Boston, na wala mchungaji wala karani hakuwa na habari ya mwenzake.

Kuna jambo moja katika biashara hii ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Pamba ya merikani ilichumwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani. Nguo ilifumwa kaskazini na watu huru, wengi wao wasichana wa mashambani, kisha ikaletwa Afrika Mashariki na kulipia, pamoja na vitu vingine, misafara iliyoleta watumwa. Baadhi ya watumwa hao, kutoka nchi za Wayao, Wazigua, Wamakua na wengineo, walipelekwa kulima mashamba ya mto Shebelle. Mwaka 1873 Unguja ilipopiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari, wafanyabiashara wakawatembeza kwa miguu kupitia Lamu na Kismayu, nyuma ya visiwa hivi hivi. Waliotoroka walijificha katika misitu ya Juba na kujenga vijiji vya Gosha, ambavyo kiongozi wao mashuhuri alikuwa Nassib Bundo. Wajukuu wa Gosha watarudi katika simulizi hii, tena Marekani kwenyewe.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilikausha mzigo. Pamba ilipanda bei, meli zikapungua, na vitambaa vya Bombay na Manchester vikajaza pengo. Vita vilipokwisha, Salem haikurudi tena kwenye nafasi yake ya zamani. Lakini vita hivyo vilizalisha bidhaa nyingine iliyokosa soko nyumbani: maofisa wa kijeshi wasio na vita vya kupigana. Mteja wao alikuwa Khedivi Ismail wa Misri.

Ismail alitaka kujenga dola kutoka Bahari ya Kati mpaka ikweta, na hakupenda kuwategemea Waingereza wala Wafaransa. Akaajiri Wamarekani wapatao hamsini, wengine waliopigania Kaskazini na wengine Kusini, wakakaa Kairo meza moja kama kwamba hawakuwa wakipigana risasi juzi. Mkuu wao alikuwa Jenerali Charles Stone. Miongoni mwao alikuwemo Charles Chaillé-Long, mzaliwa wa Princess Anne katika jimbo la Maryland, aliyepigana upande wa Kaskazini. Mwaka 1874 alifika Buganda kwa Kabaka Mutesa, akiwa chini ya Gordon, Mwingereza aliyetawala kusini mwa Sudani kwa niaba ya Khedivi, na aliporejea aliutangaza ushujaa wake kwa sauti ambayo wenzake hawakuivumilia. Alikuwa hodari kweli. Alikuwa pia mtu wa majivuno, na ukisoma maandishi yake unahitaji kuweka chumvi pembeni.

Gordon alikuwa amemshauri Khedivi kwamba njia ya Mto Naili kwenda maziwa makuu ni ndefu mno na kwamba ingefaa kupata bandari upande wa Bahari ya Hindi. Ismail akakubali, ila akachagua mto Juba. Septemba 1875 msafara ukaondoka Suez ukiongozwa na McKillop Pasha, Mwingereza aliyekuwa katika jeshi la maji la Misri, na vikosi vya nchi kavu vikawa chini ya Chaillé-Long. Sultani Barghash wa Unguja, aliyeidai pwani ile, wakati huo alikuwa ametoka safari yake ya Ulaya, na njiani alipitia Misri na kukirimiwa na Khedivi huyo huyo.

Meli zilipofika mlango wa Juba zikakuta kile ambacho baharia yeyote wa Kibajuni angewaambia bure: mchanga umejaa mlangoni, mawimbi yanavunjika juu yake, na hakuna chombo kikubwa cha kupita. Wakageukia bandari ya kusini yake, Kismayu, na mwezi wa Oktoba wakaitwaa. Barawa nayo ikashikwa. Kikosi kidogo cha Barghash hakikuwa na uwezo wa kuwazuia. Bendera ya Misri ikapandishwa, na Kismayu ikapewa jina jipya, Bandari ya Ismail.

Wenyeji wa Kismayu walishuhudia mambo ya ajabu miezi ile. Mji wenyewe ulikuwa bado mdogo. Wabajuni walikuwa na ufuo na visima. Wasomali wa Harti, Wamajerteni waliotoka mbali kaskazini kwa majahazi, walikuwa wageni wa miaka michache. Juu yao alikuwepo liwali wa Sultani, Mwarabu. Sasa wakaongezeka askari wa Misri na wa Sudani, wakiongozwa na Mwingereza na Mmarekani, kwa amri ya mtawala mwenye deni la Wafaransa. Chaillé-Long alichunguza mto na kungoja habari kutoka kwa Gordon, ambaye alitakiwa kushuka kutoka upande wa maziwa ili wakutane. Gordon hakuja. Hakuwa na wapagazi wala njia ya kutembea umbali ule.

Unguja, Barghash alimlalamikia balozi wa Uingereza John Kirk, naye Kirk akalalamikia London. London haikutaka Misri pwani ya Sultani, ambaye ilikuwa imemshurutisha juzi tu akubali mkataba wa kufunga soko la watumwa. Neno likafika Kairo, na Ismail, ambaye mwaka ule ule wa 1875 aliuza hisa zake za Mfereji wa Suez kwa serikali ya Uingereza kwa sababu ya madeni, hakuwa na ubavu wa kubisha. Msafara ukaitwa urudi. Mwaka 1876 ulipoanza, Bandari ya Ismail ilikuwa imekwisha, na Kismayu ikawa Kismayu tena. Chaillé-Long alikwenda zake, baadaye akawa mwakilishi wa Marekani huko Korea, akafa mwaka 1917.

Kuhusu Jenerali Stone kuna la kuongeza, maana ni la kuburudisha. Miaka ya 1860 mchongaji Mfaransa Bartholdi alimpelekea Khedivi Ismail mchoro wa sanamu kubwa ya mwanamke aliyeinua mwenge, isimamishwe kwenye lango la Mfereji wa Suez. Ismail hakuinunua. Bartholdi akaendelea na wazo la mwanamke mwenye mwenge, na hatimaye likasimama katika bandari ya New York mwaka 1886, Sanamu ya Uhuru tunayoijua. Mhandisi mkuu aliyesimamia msingi wake na nguzo inayoibeba alikuwa Charles Stone, mnadhimu mkuu wa zamani wa majeshi ya Khedivi, yule yule aliyekuwa Kairo wakati Chaillé-Long anapandisha bendera Kismayu. Dunia ya karne ile ilikuwa ndogo kwa watu wachache na pana mno kwa wengine.

Baada ya hapo Marekani ikapotea pwani hii kwa muda mrefu, na wakubwa wengine wakapokezana. Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilishika Kismayu mwaka 1891, na serikali ya Uingereza mwaka 1895. Ikawa makao makuu ya jimbo la Jubaland, jimbo gumu ambako naibu kamishna Jenner aliuawa na Waogadeni mwaka 1900. Kisha Jubaland ikatolewa zawadi. Italia iliahidiwa ardhi kwa kuingia Vita vya Kwanza vya Dunia upande wa Uingereza na Ufaransa, na deni hilo lililipwa kwa mkataba wa 1924. Mwaka 1925 Waitaliano wakachukua Kismayu na visiwa vyote mpaka Ras Kiamboni. Kwa mstari ule, ndugu wa Chula akawa raia wa Roma, na ndugu wa Kiunga akabaki wa London. Hakuna aliyekwenda kisiwani kuuliza. Majahazi yaliendelea kupita kama kawaida, ndoa zikaendelea kufungwa, na mpaka ukabaki kuwa jambo la karatasi kwa karibu miaka arobaini, hadi vita vya Shifta vya miaka ya 1960 vilipovihamisha vijiji vya Wabajuni upande wa bara la Kenya na kuufanya mpaka uanze kuuma.

Somalia ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1960, na Marekani ikarudi, safari hii na saruji. Kismayu ilikuwa na ghuba nzuri lakini haikuwa na gati la meli kubwa. Ndizi za mashamba ya Juba, zilizokuwa zikienda Italia, zilipakiwa kwa taabu. Katika miaka ya 1960, kwa fedha na wahandisi wa Marekani, ikajengwa bandari ya kina kirefu kwenye kisiwa kilichoungwa na bara kwa tuta. Kisiwa kimoja katika safu ile kikakoma kuwa kisiwa. Wakati huo huo walimu vijana wa Peace Corps, waliokuja Somalia kuanzia mwaka 1962, walikuwa wakifundisha Kiingereza shuleni.

Marekani haikujenga kwa kupenda ndizi. Warusi nao walikuwepo: kiwanda cha kusindika nyama cha Kismayu kilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti. Mji mmoja ukawa na gati la Wamarekani na kiwanda cha Warusi, na wakazi wakapata kazi katika vyote viwili bila kuulizwa itikadi yao. Ikiwa kuna wakati wowote ambapo ushindani wa wakubwa uliwafaa watu wa Kismayu, ni huo. Ulikuwa mfupi. Oktoba 1969 Siad Barre alitwaa madaraka, walimu wa Peace Corps wakaondoka, na Warusi wakashika usukani hadi Novemba 1977, walipofukuzwa kwa kuisaidia Ethiopia katika vita vya Ogaden.

Utawala wa Siad Barre ndio ulioleta herufi. Mwaka 1972 Kisomali kilipewa maandishi rasmi ya Kilatini, na mwaka 1974 na 1975 wanafunzi walitawanywa nchi nzima kufundisha watu kusoma. Alfabeti yenyewe ni ya Kilatini lakini mpangilio wake unafuata Kiarabu: B, T, J, X, na kuendelea. Ilikuwa kazi kubwa na yenye sifa, sitaibeza. Ila Kibajuni na Chimini cha Barawa havikuwa na nafasi ndani yake. Mtoto wa Koyama alisoma shuleni kwa Kisomali, akasali kwa Kiarabu, akaimba na kutega nyavu kwa lugha ambayo serikali haikuitambua kuwa ya Somalia. Miaka ishirini baadaye lugha hiyo hiyo ndiyo itakayoulizwa na maofisa wa uhamiaji Ulaya ili kuthibitisha kwamba mtu ni Msomali wa visiwani. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ya uhamiaji ya Uingereza ilitoa hukumu mahususi kuhusu Wabajuni na uwezo wa kusema Kibajuni. Nchi moja iliipuuza lugha, nyingine ikaifanya pasipoti.

Warusi walipoondoka, Marekani ikarudi tena. Mwaka 1980 ikapata ruhusa ya kutumia vituo vya kijeshi, hasa Berbera. Na Kismayu je? Gati la miaka ya 1960 lilikuwa limeliwa na maji ya chumvi, likahitaji matengenezo makubwa, na Marekani ikalipia katika miaka ya 1980. Kwa ndizi na mifugo ilikuwa nafuu. Lakini serikali iliyokuwa ikitengenezewa gati ilikuwa inaoza kwa kasi kuliko chuma cha gati, na Januari 1991 Siad Barre akakimbia Mogadishu.

Yaliyowapata Wabajuni mwaka 1991 na 1992 hayahitaji mapambo. Hawakuwa na ukoo wenye jeshi. Wanamgambo walivamia visiwa, wakachukua mashua, mashine, nyavu na chakula, wakawadhuru wanawake. Watu wakapanda vyombo vilivyobaki wakashuka na upepo hadi Kiunga, Lamu na Mombasa. Kambi zikajengwa pembezoni mwa Mombasa, na ile ya Jomvu ikawa mashuhuri kwa Wabajuni. Walikuwa wakimbizi katika mji ambao wengi walikuwa na shangazi na binamu ndani yake.

Wakati huo ndipo Wamarekani walipofika kwa wingi kuliko wakati wowote. Tarehe 9 Desemba 1992 wanamaji wa Marekani walitua Mogadishu mbele ya kamera za televisheni. Tarehe 20 Desemba wakatua Kismayu pamoja na makomando wa Ubelgiji. Mji ulikuwa mikononi mwa Omar Jess, mshirika wa Aidid, mbabe wa vita wa Mogadishu, na kabla ya askari wa kigeni kuwasili, watu mashuhuri wa Harti mjini walikuwa wameuawa. Nje ya mji alikuwepo Jenerali Morgan, mkwe wa Siad Barre. Januari 1993 helikopta za Marekani na Wabelgiji wakakishambulia kikosi cha Morgan kilipokuwa kikisogea. Februari watu wa Morgan wakapenya mjini hata hivyo, wakapigana na watu wa Jess mitaani huku jeshi la kimataifa likiwa limepiga kambi hapo hapo. Chakula cha msaada kilishushwa kwenye bandari ile ile ya miaka ya 1960. Kwa hilo shukrani zitolewe: njaa ilipungua, na kuna watu walio hai leo kwa sababu ya mchele ule.

Lakini tazama meza ya mazungumzo. Waliohesabiwa kuwa pande za mgogoro wa Kismayu walikuwa wenye bunduki. Wenyeji wa kale wa ufuo ule walikuwa Jomvu wakipanga foleni ya unga. Anayeleta amani kwa kuwasikiliza wenye silaha peke yao huwafundisha wengine wote kwamba silaha ndiyo tiketi, na nadhani hilo ndilo kosa kubwa la mwaka 1993, kubwa kuliko lile la mapigano ya Mogadishu ambayo Wamarekani wameyatengenezea sinema. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliondoka Somalia kabisa Machi 1995. Wabajuni waliorudishwa visiwani mwishoni mwa miaka ya 1990 walikuta wanamgambo ndio wakubwa wa Kismayu na wa biashara ya kamba, na wapo waliovua kama vibarua katika maji ya babu zao.

Zamu iliyofuata ilikuja kutoka angani. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa. Mmoja wa waliotafutwa zaidi, Fazul Abdullah Mohammed wa Komoro, aliwahi kuishi Siyu, kisiwani Pate, akafundisha na kuoa huko. Mwishoni mwa 2006 majeshi ya Ethiopia yalipowafukuza wapiganaji wa Mahakama za Kiislamu, wengi walikimbilia kusini kupitia Kismayu hadi Ras Kiamboni, pembe ya mwisho ya nchi, pwani ya Wabajuni. Januari 2007 ndege ya Marekani aina ya AC-130 ikashambulia eneo lile usiku. Fazul hakuwemo miongoni mwa waliokufa, aliuawa Mogadishu mwaka 2011. Tangu hapo milio ya ndege zisizo na rubani ikawa sehemu ya maisha. Wapiganaji wa Al-Shabaab walishika Kismayu kutoka Agosti 2008 hadi majeshi ya Kenya yalipotua Septemba 2012. Upande wa Kenya, kambi ya Manda Bay, Lamu, inayotumiwa na askari wa Marekani, ilishambuliwa tarehe 5 Januari 2020 na Wamarekani watatu wakauawa. Mvuvi wa Ndau au Kiunga, ambaye kwa miaka kadhaa alikatazwa kuvua usiku kwa sababu za usalama, alilipa gharama yake bila jina lake kutajwa katika taarifa yoyote.

Na sasa safari imegeuka: ni watu wa huku wanaokwenda huko. Wabarawa wa kambi za Mombasa walitangulia katika miaka ya 1990, na baadhi yao leo wana jamii imara katika jimbo la Ohio. Kuanzia 2003, Marekani ilipokea watu wapatao 12,000 wa bonde la Juba, wajukuu wa Gosha, ambao makaratasi yaliwaita Wasomali Wabantu. Baadhi yao waliishia Lewiston, jimbo la Maine, mji wa viwanda vya pamba vilivyofungwa, vyenye majengo makubwa ya matofali kando ya mto. Mwanaanthropolojia Catherine Besteman, aliyeishi kijiji kimoja cha Juba mwaka 1987 na 1988, alistaajabu kuwakuta wenyeji wake wa zamani Lewiston, si mbali na chuo alichokuwa akifundisha. Watu ambao mababu zao waliuzwa katika biashara iliyolipiwa kwa pamba walipewa nyumba katika mji uliojengwa kwa pamba. Ningekuwa mtunzi wa hadithi nisingethubutu kubuni jambo kama hilo, msomaji angesema nimezidisha.

Wabajuni waliofika Marekani ni wachache. Wengi walibaki Kenya, wengine wakaenda Uingereza na nchi nyingine za Ulaya. Njia yenyewe imeanza kuzibwa: Januari 2017 Somalia iliwekwa katika orodha ya nchi ambazo raia wake walizuiwa kuingia Marekani, na Juni 2025 ikawekwa tena.

Upande wa Marekani wa historia hii umehifadhiwa vizuri. Shajara na barua za Richard Waters zimo katika maktaba ya Phillips ya Makumbusho ya Peabody Essex, Massachusetts. Chaillé-Long alijiandikia mwenyewe, tena kwa ukarimu. Ripoti za gati la Kismayu ziko Washington. Upande wa pili uko vinywani mwa wazee wa Mombasa, Lamu, Kismayu na visiwani: waliobeba mawe ya tuta la bandari, waliosomeshwa na walimu wa Peace Corps, waliovusha familia hadi Lamu mwaka 1991. Aliyekuwa na miaka ishirini gati lilipojengwa sasa ana miaka themanini hivi. Simu ya kila kijana ina kinasa sauti. Kama una babu au bibi wa Kibajuni aliyeiona Kismayu ya miaka ile, nenda kakae naye mwezi huu, umwache aseme kwa Kibajuni, na umrekodi mpaka amalize.